Mwanagenzi wa tovuti aanzie kwenye alifu

Ni chache siku hizi ofisi za Serikali, jumuiya na nyumba za wageni katika Unguja na Pemba zisizokuwa na tovuti, na hata hizo chache husema kwamba ziko njiani kuipata. Hilo ni jambo jema, nasi hatuna sababu ya kulibeza. Lakini kuwa na tovuti ni jambo moja, na kuwa na watu wanaojua kuijenga, kuitengeneza inapoharibika na kuitunza mwaka hadi mwaka ni jambo jengine kabisa. Ni hilo la pili tunalotaka kulizungumza leo na wananchi wenzetu, na khasa na viongozi waliopewa dhamana ya elimu, ya ajira na ya mawasiliano.

Yanayotokea kila mtu amekwisha kuyaona. Tovuti huzinduliwa kwa utepe, hotuba na picha. Baada ya mwaka mmoja, habari iliyo juu kabisa bado ni ile ya uzinduzi. Nambari ya simu ni ya mtumishi aliyekwisha kuhamishwa. Na fomu ambayo mwananchi anaambiwa kuwa "ipo mtandaoni" haifunguki. Mkaazi wa Micheweni anayeihitaji fomu hiyo hupanda gari hadi Chake Chake, na pengine huvuka bahari kuja Unguja, kufuata karatasi moja. Gharama ya ukurasa uliokufa, kwa hivyo, hailipwi na ofisi yenye ukurasa. Hulipwa na mwananchi kwa nauli yake na kwa siku yake ya kazi.

Tukiuliza sababu, jawabu la haraka ni ukosefu wa fedha. Sisi hatulikubali jawabu hilo moja kwa moja. Fedha za kuijenga tovuti zilipatikana, na za hafla ya uzinduzi nazo zilipatikana. Kilichokosekana ni mtu aliye karibu, anayejua ukurasa ule umeandikwa vipi, mwenye ruhusa ya kuugusa, na anayeona kuwa ni wajibu wake kuusahihisha. Mtu wa namna hiyo hafiki ofisini kwa barua ya uteuzi tu. Hufunzwa, na hufunzwa hivyo tangu mwanzo wa elimu yake. Mas-ala ya tovuti zetu zilizokufa, basi, ni mas-ala ya jinsi tunavyomfunza mwanagenzi.

MLANGO ULIO WAZI

Visiwa hivi si vigeni kwa mawasiliano ya dunia. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja na kuendelea kusini hadi Durban. Kwa waya huo habari za biashara na za siasa ziliweza kufika Ulaya bila ya kungoja meli. Lakini waya ule ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza. Habari zilipita hapa kwetu, na faida ya kuzipitisha ikaenda kwa wenyewe.

Mtandao wa wavuti ni kitu cha namna nyengine. Ulibuniwa na Tim Berners-Lee, Muingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa sayansi cha CERN huko Geneva, ambaye aliandika pendekezo lake la kwanza mwezi wa Machi 1989. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba ufundi huo ni wa watu wote, na kwamba yeyote duniani anaweza kuutumia bila ya malipo na bila ya kuomba ruhusa. Kwa kijana wa Makunduchi maana yake ni kwamba hakuna mwenye mali anayeweza kumtoza kodi kwa sababu ameandika ukurasa. Tena, kivinjari cha kawaida katika kompyuta humwezesha msomaji kuutazama ukurasa kwa ndani, namna ulivyoandikwa, kama vile mwanagenzi wa seremala anavyosimama pembeni akitazama mikono ya fundi inavyouchonga mlango. Ni ufundi mchache ulioacha karakana yake wazi kiasi hiki.

Mlango ulizidi kufunguka pale mikongo ya mawasiliano ya baharini ilipofika katika pwani ya nchi yetu, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Tangu hapo habari za dunia hazitufikii tena kwa njia ya setilaiti tu, na matumizi ya intaneti yameenea kwa namna ambayo wazee wetu wasingeweza kuidhania. Lakini wingi wa watumiaji usitudanganye. Mtu anaweza kupanda boti kila wiki kati ya Malindi na Mkoani kwa miaka ishirini, na asijue hata kidogo jinsi ya kuunda boti. Vijana wetu wengi ni abiria wa mtandao. Tunalolitaka ni kwamba baadhi yao, na wala si lazima wote, wawe mafundi wa kuunda chombo.

ALIFU YENYEWE

Mtoto anapopelekwa chuoni hakabidhiwi Msahafu siku ya kwanza akaambiwa asome. Huanza na alifu, akaenda kwenye be na te, akajifunza irabu, akaziunganisha herufi, na ndipo akafika kwenye juzuu. Hapana mzazi anayemlaumu mwalimu kwa mwendo huo, kwa sababu kila mzazi anajua kuwa aliyerukishwa herufi husoma kwa kukariri, na siku akikutana na neno geni hukwama. Ujenzi wa tovuti nao una alifu yake, na alifu hiyo ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani.

Ukurasa wa tovuti, ukivuliwa mapambo yake yote, ni maandishi ya kawaida yaliyotiwa alama. Alama moja husema kwamba hiki ni kichwa cha habari. Nyengine husema kuwa hii ni aya. Ya tatu husema kuwa hili ni jedwali. Ya nne husema kuwa maneno haya, mtu akiyabonyeza, yatampeleka kwenye ukurasa mwengine. Utaratibu huo wa alama ndio uitwao HTML. Baada yake huja CSS, ambayo kazi yake ni sura: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi, na jinsi ukurasa unavyojipanga katika kioo kidogo cha simu na kioo kikubwa cha kompyuta. Ya tatu ni JavaScript, iliyobuniwa mwaka 1995, nayo ndiyo hutia uhai katika ukurasa, yaani huhesabu, huihakiki fomu kabla haijapelekwa, na humjibu mtu anapobonyeza. Nyuma ya hizo tatu kuna kompyuta zinazohifadhi kurasa na ghala za taarifa, lakini huko ni kwa yule aliyekwisha kuzimudu hatua za mwanzo.

Viongozi wetu wa elimu hawana budi kulijua jambo moja, nalo ni kwamba hatua ya kwanza haihitaji intaneti hata kidogo. Mwanafunzi hufungua programu ndogo ya kuandikia maandishi matupu, ambayo huja pamoja na kompyuta, akaandika, akalihifadhi faili lake kwa jina linaloishia na .html, kisha akalifungua kwa kivinjari kilichomo katika kompyuta ile ile. Akikosea, hurudi akasahihisha na kutazama tena. Kompyuta kuukuu ya miaka kumi hutosha kwa kazi hiyo. Skuli yenye kompyuta tano zinazofanya kazi, ambayo imekifunga chumba chake kwa kungojea kuunganishwa na mtandao, inaweza kulianza somo hili wiki ijayo. Na hata palipounganishwa, tusisahau kwamba mwezi wa Mei 2024 hitilafu katika mikongo ya baharini iliidhoofisha intaneti nchi nzima. Somo linaloendelea siku ya hitilafu ni somo lenye thamani.

Vitabu vingi humwanzisha mwanagenzi kwa kumwandikisha salamu ya maneno mawili kwa dunia nzima. Sisi tungependa kazi yake ya kwanza iwe na faida kwa jirani. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hupanga kazi zao kwa kufuata bamvua, kwani ni wakati huo maji yanapokupwa mbali na mashamba kuonekana. Mwanafunzi na aandike ukurasa mmoja wa maji ya mwezi huu: kichwa cha habari, aya fupi ya maelezo, na jedwali lenye siku, saa ya maji kupwa na saa ya maji kujaa. Katika kazi hiyo moja atakuwa amejifunza nusu ya alama anazozihitaji mwanzo. Na atakuwa amejifunza jambo kubwa zaidi, kwamba saa moja ikiandikwa kwa makosa, kuna mama atakayeshuka pwani akayakuta maji yamemtangulia. Mwanafunzi aliyelifahamu hilo hatauacha ukurasa wake ufe.

Yapo mambo mengine mawili ambayo huonekana madogo, na ambayo yafaa yafunzwe katika mwezi wa kwanza, wala yasingojewe.

La kwanza ni lugha ya ukurasa. Katika mstari wa mwanzo wa ukurasa mwandishi hutaja lugha aliyoitumia, na alama ya Kiswahili ni herufi mbili, sw. Wengi wanaochukua kurasa zilizotengenezwa tayari huiacha alama ya Kiingereza, en, ingawa maneno yote waliyoyaandika ni ya Kiswahili. Kwa mwenye macho hapana tofauti inayoonekana. Lakini programu zinazowasomea kwa sauti wasioona huitegemea alama hiyo katika kuchagua matamshi, na Kiswahili kikisomwa kwa matamshi ya Kiingereza hakifahamiki. Herufi mbili tu humfungulia mlango ndugu yetu asiyeona, au humfungia.

La pili ni uzito. Ukurasa wa maandishi yenye jedwali unaweza usizidi kilobaiti 10. Picha moja iliyotoka moja kwa moja katika simu inaweza kufika megabaiti 5, yaani mara 500 ya uzito wa ukurasa huo. Mtu wa Kojani au wa Tumbatu hununua bando lake kwa fedha taslimu, na ofisi inayoweka picha kumi za namna hiyo juu ya tangazo la mistari minne imemlipisha mwananchi ili azione picha za viongozi kabla hajalifikia tangazo. Kupunguza uzito wa picha ni kazi ya dakika chache. Mwanagenzi aliyefunzwa mapema kuhesabu kilobaiti huifanya bila ya kuambiwa.

KASORO ZA MAFUNZO YETU

Tukiyatazama mafunzo yanayotolewa hivi sasa, tunaona kasoro tatu ambazo hatuna budi kuzisema, si kwa nia ya kumvunja moyo mtu bali kwa nia ya kutengeneza.

Kasoro ya kwanza ni kupenda vyeti. Zipo kozi fupi ambazo mwanafunzi hufundishwa kuburuta vipande vilivyotengenezwa tayari na wengine, akavipanga, akabadilisha jina na picha, na mwisho wa wiki sita akapewa cheti cha mjenzi wa tovuti. Hatusemi kwamba vipande vilivyo tayari ni vibaya. Mwashi naye hafyatui kila tofali analolijengea. Lakini mwashi anaijua saruji, anaijua timazi, na ukuta ukipata ufa anajua ufa umeanzia wapi. Kijana aliyefunzwa kuburuta vipande tu, siku kipande kimoja kinapoacha kufanya kazi, hana la kufanya ila kuijenga tovuti upya au kumpigia simu mtu wa mbali. Hapo ndipo tovuti nyingi zinapofia.

Kasoro ya pili ni lugha ya kufundishia. Ni kweli kwamba alama za HTML zimetokana na vifupisho vya maneno ya Kiingereza, na hilo halibadiliki. Lakini alama anazozihitaji mwanagenzi ili aanze hazizidi ishirini hivi, na anaweza kuzijua kama anavyojua majina ya vyombo vya fundi. Kinachomshinda ni maelezo, pale anapofundishwa sababu ya jambo kwa lugha ambayo bado anapigana nayo. Hili ni ajabu kutokea katika visiwa hivi, ambavyo lahaja yake, Kiunguja, ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wala maneno si haba. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na maneno kama hifadhi, hariri na faili yamekwisha kuzoeleka. Mwaka 2021 UNESCO iliifanya tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tunaisherehekea siku hiyo kila mwaka kwa mashairi na ngoma, na inafaa. Ingefaa zaidi kama BAKIZA, kwa kushirikiana na walimu wa kompyuta, wangeiadhimisha mojawapo ya siku hizo kwa kutoa kijitabu cha kurasa arubaini kinachomfunza mwanagenzi kujenga ukurasa, tangu alifu hadi mwisho, kwa Kiswahili safi.

Kasoro ya tatu ni vifaa, pamoja na saa za kuvitumia. Vijana wengi wana simu, na kwa simu mtu anaweza kusoma na kutazama masomo mengi mazuri. Lakini kuandika mistari mia mbili ya alama kwa dole gumba juu ya kioo kidogo ni kazi ya kumchosha mtu kabla hajajifunza. Kijana anahitaji kompyuta, na kompyuta zimo katika skuli na katika vituo vya mafunzo ya amali, lakini vyumba hivyo hufungwa wanafunzi wanapotoka. Tunatambua kuwa funguo zina wenyewe na kuwa vifaa huibiwa. Hata hivyo, kuvifungia vifaa hadi vikachakaa kwa vumbi si kuvilinda. Tunawafikiria khasa watoto wa kike, ambao wazee wao hawawaruhusu kukaa mjini baada ya magharibi ili kutumia kompyuta za kukodi. Chumba cha skuli kilichofunguliwa Jumamosi asubuhi, chini ya mwalimu anayelipwa posho yake, kinawafaa wao kuliko hotuba nyingi juu ya usawa.

MASHINE INAYOANDIKA

Wapo watakaosema kwamba tumechelewa, kwa kuwa siku hizi ziko programu za akili mnemba ambazo mtu akiziomba ukurasa kwa sentensi moja humwandikia papo hapo. Ya nini basi kumchosha mtoto kwa alifu?

Hoja hiyo ina nguvu, nasi hatuipuuzi. Ni kweli kwamba mashine hizo huandika, na mara nyingi huandika vizuri. Tena zinaweza kumsaidia mwanagenzi kwa kumweleza kosa lake saa ambayo mwalimu amelala. Lakini mashine hiyo hiyo huweza kuandika kosa kwa sauti ile ile ya uhakika ambayo huandikia sahihi. Asiyejua kusoma ukurasa hawezi kuona kwamba fomu aliyoandikiwa inazipeleka nambari za vitambulisho vya watu bila ya ulinzi, au kwamba jedwali lake la maji limekosea saa. Ni sawa na mtu aliyeandikiwa barua na mwengine akaitia saini bila ya kujua kusoma. Wazee wetu waliyaona madhara ya saini za namna hiyo katika mikataba ya mashamba, na hatudhani kwamba tunapaswa kuyarudia kwa hiari yetu.

Kwa hivyo msimamo wetu ni kwamba mwanagenzi aandike kurasa zake za mwanzo kwa mkono wake mwenyewe, hata kama ni mbovu. Akishaweza kuusoma ukurasa na kusema kila mstari una kazi gani, mashine na impunguzie kazi. Msaidizi humfaa anayejua anachosaidiwa.

KAZI YA KWELI

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Mwanagenzi wa useremala hujifunza kwa kutengeneza kiti ambacho mtu atakikalia. Mwanagenzi wa tovuti katika visiwa vyetu hujifunza kwa kutengeneza tovuti ya duka lisilokuwapo, iuzayo bidhaa zisizokuwapo, na siku ya mtihani ikipita ukurasa ule hufutwa. Hajapata kuona mtu akiutumia, wala hajapata kusikia mtu akiulalamikia. Halafu anaambiwa hana uzoefu, na kazi inapewa kampuni ya mbali.

Kazi za kweli zilizo ndogo ziko tele. Kila shehia ina matangazo ya maji, ya chanjo na ya mikutano. Kila skuli ina kalenda yake. Kila kituo cha afya kina siku za kliniki. Kila ushirika wa mwani au wa viungo una bidhaa na nambari ya simu. Kurasa hizo ni za maandishi, ni nyepesi, na kosa likitokea husahihishwa bila ya madhara makubwa, ilimradi pawepo mtu wa kusahihisha. Hizo ndizo kazi za kumpa mwanagenzi, akiongozwa na fundi aliyekwisha kukomaa. Zipo kazi ambazo asipewe kabisa: mifumo ya malipo, kumbukumbu za wagonjwa, na chochote kinachohifadhi siri za watu. Kupambanua baina ya aina hizi mbili ni wajibu wa viongozi, na haifai mtu akatumia hatari ya aina ya pili kuwa kisingizio cha kuwanyima vijana aina ya kwanza.

Upo pia upande wa uchumi. Mwaka 2023 wageni waliotembelea Zanzibar walipindukia 600,000. Wengi wa wageni wa namna hiyo hukata vyumba kupitia tovuti za kampuni za nje, ambazo humkata mwenye nyumba kamisheni, na kiwango cha asilimia 15 ni cha kawaida. Tuchukue mfano wa nyumba ndogo ya wageni inayotoza dola 40 kwa usiku. Mgeni akikaa siku tano hulipa dola 200, na dola 30 katika hizo huondoka nchini kabla ya mwenye nyumba kununua hata samaki wa chakula cha usiku. Hatusemi kwamba ukurasa wa nyumba hiyo utaziondoa tovuti hizo kubwa, kwani wageni wapya huanzia huko, nazo zina kazi zinazoifanya. Lakini mgeni anayerudi mara ya pili, au aliyeelekezwa na rafiki yake, hana haja ya kupitia huko iwapo nyumba ina ukurasa wake ulio hai, wenye bei za mwaka huu na nambari inayopokelewa. Kijana wa kijiji kile kile anayeutunza ukurasa huo kwa malipo ya kila mwezi amepata kazi, na mwenye nyumba amepata faida.

Liko na suala la funguo. Tovuti ina jina lake, ambalo husajiliwa na kulipiwa kila muhula. Ina mahali inapohifadhiwa. Na ina maneno ya siri ya kuingilia. Mara nyingi vitu hivyo vyote hubaki mikononi mwa mkandarasi, na pengine kwa jina lake binafsi. Mkandarasi akihama au akigombana na ofisi, tovuti huondoka naye. Kila mkataba wa Serikali na wa jumuiya, basi, uwe na sharti kwamba jina liandikishwe kwa ofisi yenyewe, funguo zikabidhiwe kwa maandishi kama zinavyokabidhiwa funguo za jengo, na mtumishi mmoja wa ofisi afunzwe kusahihisha ukurasa kabla malipo ya mwisho hayajatolewa. Sharti la namna hiyo halihitaji bajeti mpya. Linahitaji mtu wa kuliandika na mtu wa kulisimamia.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Hatuwezi kusema kwamba Serikali ya Mapinduzi imekaa kimya. Mwaka 2022 ilizindua mpango wa Silicon Zanzibar wa kuvutia kampuni za teknolojia, na mwaka 2023 Chuo cha Teknolojia cha India cha Madras kilifungua tawi lake hapa kwetu, kikianzia Bweleo na masomo ya sayansi ya takwimu na akili mnemba. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar nacho kimekuwa kikitoa wahitimu wa kompyuta kwa miaka mingi. Hizo ni ghorofa za juu, na tunazisifu. Lakini kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 Wazanzibari ni 1,889,773, na walio wengi hawatapanda ghorofa hizo. Nyumba nzima inasimama juu ya msingi, na msingi ni yule mwanafunzi wa kidato cha pili wa Wete au wa Mkokotoni ambaye hajapata kuona ukurasa kwa ndani.

Tunapendekeza, kwa hivyo, mambo manne. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iruhusu somo la HTML lianze katika kila skuli yenye kompyuta zinazofanya kazi, iwe na intaneti au isiwe nayo, na vyumba vifunguliwe Jumamosi. BAKIZA na walimu watoe kijitabu cha Kiswahili. Mamlaka ya Serikali Mtandao, pamoja na wilaya, zitenge kurasa ndogo za shehia na za vituo vya huduma ziwe kazi za wanagenzi, chini ya uangalizi na kwa posho inayojulikana. Na kila ofisi itaje, juu ya ukurasa wake wenyewe, jina la cheo cha mtumishi anayeutunza na tarehe uliposahihishwa mara ya mwisho, ili mwananchi ajue wa kumuuliza.

Kwa vijana nao tuna neno. Msikimbilie kuitwa mabingwa katika wiki sita. Andikeni ukurasa mmoja, mwonyesheni jirani, msikilize anapokwama, msahihishe, kisha muandike wa pili. Mwanzo wa ngoma ni lele, na asiyeona haya kuanza na lele ndiye atakayefika kuicheza ngoma yenyewe. Kwa wazazi tunasema kwamba mtoto aliyekaa mbele ya kompyuta akiandika na kufuta hapotezi wakati, iwapo mnaweza kumuuliza anaandika nini naye akakuonyesheni.

Itakapofika siku ambayo mkaazi wa Micheweni anaifungua fomu yake nyumbani kwake, akaijaza na kuituma, na akiona kosa anajua ni kijana gani wa shehia yake wa kumwambia alisahihishe, hapo tutasema kwamba tovuti zetu ni zetu. Siku hiyo haitaletwa na utepe wa uzinduzi mwengine. Italetwa na mwalimu mmoja aliyekifungua chumba Jumamosi asubuhi, na wanafunzi wake wakaanza na alifu.